Mbio ya jangwani kule Maroko: wakimbiaji wanajitayarisha namna gani?

Kila mwaka, mamia ya watu kutoka inchi mbalimbali wanakutana kusini mwa Maroko, katika jangwa la Sahara, kwa kukimbia Marathon des Sables. Ni karibu kilometa 250, sawa vile kutoka Bukavu mpaka Uvira na kurudi kwa miguu. Wengi wao wanakimbia kwa kuchangisha makuta ya kusaidia wagonjwa ao watoto.

Ilianza namna gani?

Mwaka 1984, Mufaransa Patrick Bauer alitembea peke yake katika Sahara karibu kilometa 350 kwa siku 12, chakula na maji yake mugongoni. Kisha safari hiyo akaanza kualika wengine. Mbio ya kwanza ilifanyika mwaka 1986, na wakimbiaji 23.

Mpaka leo, kila mutu anabeba chakula chake cha siku zote, nguo na kitu cha kulalia. Mufuko unapaswa kuwa na uzito wa kilo 6,5 mpaka 15, bila kuhesabu maji. Chakula kisipungue kalori 2000 kwa siku. Watayarishaji wanatoa maji na hema. Kuna siku moja yenye kupita kilometa 80, kuzidi njia ya Goma mpaka Rutshuru, na wengi wanakimbia mpaka usiku. Kwa miaka mingi, nyuma ya wote kulikuwa kunafuata ngamia: ukipitwa nao, ulikuwa unatolewa.

Makuta ya musaada yanatoka wapi?

Mukimbiaji anaahidi shirika fulani kiasi cha makuta, kisha anaomba ndugu, marafiki na wenzake wa kazi wachange. Ahadi hiyo inatia nguvu. Lakini inaweza pia kusukuma mutu kuendelea wakati mwili umekwisha kukataa.

Mazoezi yenyewe

Mazoezi yanaanza miezi mingi mbele. Kwanza ni kupimwa na muganga: cheti chake na kipimo cha moyo vinaombwa.

Kisha mutu anaongeza kilometa polepole. Anazoea kukimbia siku mbili zenye kufuatana, ili miguu ijifunze kuanza tena ikiwa imechoka. Mufuko unaanza mwepesi na kuongezwa uzito kidogo kidogo, maana mabega na magoti vinaumia haraka. Kutembea kwa nguvu pia ni zoezi, juu wakimbiaji wengi wanatembea sehemu kubwa ya njia. Viatu, soksi na chakula vinajaribiwa nyumbani. Lengelenge moja la siku ya kwanza, lenye kuingiwa na muchanga, linaweza kumaliza safari.

Joto nalo linajifunzwa. Mwili unahitaji siku 10 mpaka 14 za mazoezi katika joto ili uanze kutoka jasho mapema na kupoteza chumvi kidogo. Watu wa inchi za baridi wanatumia sauna ao maji ya moto kisha mazoezi. Ukiacha wiki kadhaa, faida hiyo inapotea.

Hatari ni gani?

Mwaka 1994, Muitaliano Mauro Prosperi alipotea katika zoruba ya muchanga. Alipatikana kisha siku karibu kumi, akiwa amefika Aljeria, amepoteza kilo nyingi. Mwaka 2021, joto lilikuwa kali sana, mukimbiaji mumoja Mufaransa akafariki, na karibu nusu ya wenzake hawakumaliza.

Kunywa maji mengi sana bila chumvi pia ni hatari: damu inapungukiwa chumvi, ubongo unavimba. Ndio maana wakimbiaji wanatumia vidonge vya chumvi.

Alama zenye haziwezi kuzarauliwa ni hizi: kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, kutapika, mwili kuwaka moto. Mutu huyo anapaswa kusimamishwa mara moja, kuwekwa kivulini, kumwagiwa maji na kupepewa wakati muganga anatafutwa. Hiyo ni kwa yeyote, hata mwenye kulima ao kubeba muzigo juani.

Kwa mwenye kukimbia kwa ajili ya wengine, kusimama si kuvunja ahadi. Makuta yenye watu wamekwisha kutoa yanaendelea kufanya kazi yake, naye anaweza kurudi mwaka mwengine. Kuongozana na mwili wako, kujua siku ya kuuambia twende na siku ya kuuambia basi, nako ni sehemu ya mazoezi.