Nani Amkague Fundi Asiyelipwa?

Mwaka 1929, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, kijana aitwaye Edwin Link alikamilisha ndege isiyoruka. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vikubwa vya mabomba, na Link alichukua mivukuto ya vinanda hivyo akaipa kazi nyingine: kuinamisha na kugeuza kijichumba cha mbao kila mwanafunzi anaposukuma usukani. Jeshi halikuvutiwa. Waliokinunua mwanzoni walikuwa wenye viwanja vya michezo na burudani, kwa ajili ya watu waliotaka kujifurahisha.

Mambo yalibadilika mwaka 1934. Jeshi la anga la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua, na marubani wasiozoea kuruka kwa kutegemea vipima peke yake wakafa katika hali mbaya ya hewa. Ndipo jeshi likanunua vifaa sita vya Link. Kichezeo kikawa shule.

Shule huhitaji mkaguzi. Leo mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hupanga simuleta kamili za mafunzo katika ngazi nne, kuanzia A hadi D. Ya ngazi D huaminika kiasi kwamba rubani mwenye uzoefu anaweza kujifunza aina mpya ya ndege humo, na safari yake ya kwanza katika ndege halisi ikawa na abiria nyuma yake. Kila namba imepimwa na kutiwa saini na mtu.

Lakini kichezeo hakikufa. Mwaka 1982 Microsoft ilitoa Flight Simulator kwa kompyuta za IBM, ikitokana na kazi ya Bruce Artwick. Miaka ilivyosonga, watumiaji walianza kujitengenezea ndege, viwanja na mandhari, kisha kugawiana bure. Walikuwa wanafunzi, wastaafu, wahandisi, watu wa kukesha usiku baada ya kazi. Hapo likazuka swali ambalo FAA haikuwahi kuulizwa: kazi ya mtu asiyelipwa ipimwe kwa kipimo gani, na nani apime?

Ugumu wake ni huu. Ndege ya kompyuta ina mambo mengi, na jicho huona moja tu. Rangi ya shirika, vioo vinavyong'aa na magurudumu yanayojikunja huonekana kwenye picha. Namna ndege inavyopoteza nguvu ya kunyanyuka ikienda polepole mno haionekani. Kwa hiyo fundi aliyetumia miezi kupaka rangi husifiwa kuliko aliyetumia miezi kusoma majedwali ya mwendo. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Jibu mojawapo lilitoka kwa FlightGear, simuleta huria ambayo wazo lake lilitolewa mwaka 1996 na ambayo hujengwa na watu wa kujitolea. Wao waligawa ubora katika mafungu manne: tabia ya ndege hewani, mifumo yake kama umeme na mafuta, chumba cha rubani, na umbo la nje. Kila fungu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Ukiazima tabia ya ndege nyingine na kuivika umbo lako, fungu la kwanza ni sifuri, hata umbo likiwa zuri namna gani. Ili ndege ipande daraja, lazima ifikishe alama katika mafungu yote manne. Uzuri wa moja haufichi udhaifu wa jingine.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwenye kutoa alama, kwa kawaida, ni fundi mwenyewe. Huziandika ndani ya faili la ndege yake. Mtu anaweza kucheka: nyani haoni kundule. Lakini vigezo vimeandikwa wazi, na faili liko wazi pia. Ukijipa 4 wakati ndege yako haifikii mwendo ulioandikwa katika kitabu cha rubani, yeyote mwenye kitabu hicho atakuumbua. Badala ya mkaguzi mmoja mwenye muhuri, kuna mashahidi wengi wasio na muhuri.

Kazi ya namna hii inaweza kufika mbali. JSBSim, programu huria ya kukokotoa mwendo wa ndege inayotumiwa na FlightGear, ilikuwa miongoni mwa zile ambazo matokeo yake yalilinganishwa katika zoezi la NASA lililochapishwa mwaka 2015, pamoja na simuleta za vituo vya NASA vyenyewe.

Hata hivyo, alama ninayoiheshimu zaidi katika historia hii si 5. Ni ile 1 au 2 ambayo fundi hujiandikia mwenyewe, baada ya usiku mwingi wa kazi, akijua watu wataisoma. Anamwambia kijana atakayeshusha ndege ile bure: rangi ni sahihi, vipima vinafanya kazi, ila namna inavyotua usiiamini bado. Hakuna sheria iliyomlazimisha kusema hivyo. Na kijana huyo, akija kukaa siku moja katika ndege halisi kando ya mwalimu, hatakuwa na uongo wa kusahau kwanza.