Kwani Ulimuuliza Nani?

Nilipoanza biashara ya bangili na hereni za shanga, niliweka hela zote zilizonibakia baada ya kuacha chuo. Nikaingia mjini, nikanunua rangi ninazozipenda mimi: nyeusi tele, na kahawia kidogo. Miezi miwili baadaye bado zilikuwa kwa meza, zinashika vumbi. Mama tunayeuza naye bega kwa bega aliziangalia, akacheka. "Mamii, kwani ulimuuliza nani kabla ununue?"

Sikuwa nimeuliza mtu. Nilipoanza kusoma historia ya shanga, ndipo nikajua kosa langu ni la kitambo.

Mwaka wa 1871, Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijiandaa kwenda bara kumtafuta Livingstone. Huko bara, msafara ulinunua chakula na kulipa ushuru wa njia, ulioitwa hongo, kwa vitambaa, shanga na waya. Shida ni kwamba kila mahali palikuwa na rangi yake. Shanga nyeusi zilipita Ugogo, karibu na Dodoma ya leo, lakini kwingine hakuna aliyezitaka. Ukikosea hesabu, wapagazi wanabeba takataka mamia ya kilomita.

Shuleni tuliambiwa hadithi nyingine: Wazungu na Waarabu walikuja na vitu vya kung'aa, nyanya zetu wakapagawa, pembe za ndovu zikaenda. Eti hawakujua thamani. Lakini vitabu vya wasafiri wenyewe vinasema kitu tofauti. Joseph Thomson alipofika Taveta mwaka wa 1883, akielekea nchi ya Wamaasai, ilibidi msafara usimame ili shanga zitungwe upya, maelfu ya nyuzi, kwa urefu ambao Wamaasai walikubali. Urefu mwingine haukuwa na soko. Sasa niambie, hapo nani alikuwa anapanga masharti?

Na hawa hawakuwa watu waliokutana na urembo jana. Kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wachimbuzi walipata ushanga wa ganda la konokono wa baharini wenye zaidi ya miaka 60,000. Karibu na Naivasha, watu walikuwa wanatoboa maganda ya mayai ya mbuni yapata miaka 40,000 iliyopita. Kioo kilipofika, kilikuta macho yaliyozoea kuchagua.

Lakini ile hadithi ya shule si uongo wote. Sisi tulikuwa na jicho. Kiwanda kilikuwa Venice. Rangi iliamuliwa hapa, faida ya pembe ikahesabiwa kwingine. Hata leo, shanga nyingi ndogo za kioo unazoziona kwa mikufu ya Kimaasai hutoka Ucheki au Uchina. Tunatunga, tunapiga picha, tunaita utamaduni, halafu tunarudi dukani kununua malighafi ya nje.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Mwaka wa 1975, huko Karen, Susan Wood alianza Kazuri kwenye kibanda kidogo na akina mama wawili waliokuwa wanalea watoto peke yao. Shanga zao zilifinyangwa kwa udongo, zikachomwa na kupakwa rangi papo hapo. Karakana ilikua ikaajiri mamia ya wanawake. Kazi ilianza kwa tope, si kwa pakiti iliyovuka bahari.

Mimi sina tanuri. Nina meza, sindano, na kilo mbili za shanga nyeusi. Kwa hivyo nilifanya nilichoweza: siku tatu sikuuza sana, niliuliza tu. Rangi gani? Mkono wako ni mpana kiasi gani? Ungelipa ngapi? Wengi walitaka rangi ya machungwa na bluu, nyeusi iwe ya kutenganisha tu. Na walitaka bangili inayoteleza mkononi bila kubana.

Jioni hiyo nilikata nyuzi zote, nikamwaga shanga kwa sinia, nikaanza kutunga upya kama wale wa Taveta.