Wakati wa Kuhama Mfumo: Kompyuta, Kiswahili na Swali la Dilolo

Suala la lini mtumiaji wa kompyuta auache mfumo wa zamani wa uendeshaji na kuhamia mfumo mpya huachiwa mafundi na wafanyabiashara. Makala haya yanalitazama suala hilo kihistoria, kwa kuwa tangu mwaka 2005 limekuwa pia suala la lugha. Aidha, makala yanakusudia kuonyesha kwamba jibu lililowafaa watumiaji wa Nairobi au Dar es Salaam halikuweza kumfaa mtumiaji wa Dilolo, mji wa mpakani mwa Kongo na Angola, ingawa wote hao hutumia Kiswahili katika shughuli zao za kila siku.

Kwanza yafaa kukumbusha hali ilivyokuwa. Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kuu inayoiwezesha mashine kupokea amri, kutunza mafaili na kuendesha programu nyinginezo. Kila toleo jipya huja na madai yake. Windows XP, iliyotolewa Oktoba 2001, iliridhika na kumbukumbu ya megabaiti 64. Windows Vista, iliyowafikia wanunuzi wa kawaida Januari 2007, ilidai megabaiti 512, yaani mara nane ya kiasi hicho. Hivyo, kuhama kulimaanisha ama kuongeza kumbukumbu ama kununua mashine nyingine. Si ajabu kwamba watu wengi duniani, wenye fedha na wasio nazo, waliirukia Vista na kusubiri Windows 7 ya Oktoba 2009. Hapo subira ilivuta heri kweli, maana toleo hilo lilikuwa jepesi na tulivu kuliko lililolitangulia.

Kiswahili kiliingia katika mwendo huo kikiwa kimechelewa. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa na mradi wa Kilinux kwa ushirikiano na kampuni ya Kiswidi ya IT+46. Mwaka 2005 Microsoft nayo ilitoa pakiti ya Kiswahili ya Windows XP, iliyotayarishwa pamoja na wataalamu wa lugha wa Afrika Mashariki. Wataalamu hao walikuwa na kazi ngumu. Kompyuta yenyewe ilikuwa na majina matatu yaliyoshindana: kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kipanya kilishindana na puku, nenosiri likashindana na nywila. Kila mwenye kufuatilia historia ya istilahi anajua kwamba mashindano ya namna hiyo hayaamuliwi kikaoni. Huamuliwa na watumiaji, nao huhitaji muda.

Muda ndio hasa uliokosekana. Pakiti ya XP ilitoka miaka minne baada ya mfumo wenyewe, na Vista ikatokea muda usiozidi miaka miwili baadaye. Hali kadhalika OpenOffice: toleo lake la 2.0 lilitoka Oktoba 2005, kabla Jambo haijatimiza hata mwaka mmoja. Mtumiaji aliyeanza kuzoea maneno ya Kiswahili kwenye kioo cha mashine yake alitakiwa mara achague baina ya toleo jipya na lugha yake, au asubiri tafsiri nyingine. Hapa kuna tofauti kubwa na kazi za istilahi zilizotangulia. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ingali inasomeka rafuni bila kumwomba mtu ruhusa. Istilahi iliyotiwa ndani ya programu huzeeka pamoja na programu hiyo, hata kama neno lenyewe ni zuri.

Hayo yalikuwa matatizo ya mtu aliyeweza kuchagua. Mtumiaji wa Dilolo hakufika hata kwenye uchaguzi huo. Pakiti ya Kiswahili haikuwa mfumo kamili. Ilikuwa tabaka lililotandazwa juu ya lugha ya msingi, likifunika sehemu zinazotumika zaidi na kuziacha nyingine kama zilivyo. Na lugha hiyo ya msingi ilikuwa Kiingereza. Hali ilibaki hivyohivyo katika Windows 7 na Windows 10. Sasa, mashine inayotumika ofisini au shuleni katika Lualaba huwekwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi, na kibodi yake mara nyingi hufuata mpangilio wa Kifaransa unaoanza na herufi A na Z. Kabla ya kuandikiwa Kiswahili, mwenye mashine hiyo angelazimika kwanza kuihamishia Kiingereza, lugha ambayo wengi mpakani hapo hawaisomi, na ambayo ingejitokeza tena kila mahali ambapo tafsiri haikufika. Ni dhahiri kwamba mtu mwenye busara angebaki na Kifaransa chake. Wawolofu wa Senegal walitendewa haki zaidi katika jambo hili: pakiti ya lugha yao ilijengwa juu ya Kifaransa.

Kosa hili lina mizizi katika dhana kwamba Kiswahili ni mali ya pwani na ya nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Msimbo uliotumiwa na Microsoft kukitambulisha Kiswahili, sw-KE, unaitaja Kenya. Lakini katika ukanda wa shaba Kiswahili kimekuwa lugha ya mashine kwa muda mrefu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na baada ya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Rodesia ya Kaskazini kukutana katika kambi zake, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kazini. Reli iliyofika Dilolo mwaka 1931 na kuungana na ile ya Benguela iliieneza lugha hiyo upande wa magharibi, miongoni mwa Warund, Wachokwe na Waluena. Kiswahili hicho kilizoea mapema kuchukua neno la Kifaransa pamoja na chombo chake na kulivika viambishi vyake. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na viwango vya kimataifa vya ISO 639-3, vilivyochapishwa mwaka 2007, vinakipa Kiswahili cha Kongo msimbo wake, swc. Kutambuliwa kwenye orodha, hata hivyo, hakukuleta mfumo wa uendeshaji.

Kwa sababu hiyo, katika mji ulioko kilomita zipatazo 400 magharibi ya Kolwezi, uamuzi wa kuhama umeongozwa na mambo mengine: bei, umeme, na iwapo mtandao una nguvu ya kupakua mafaili mazito. Tarehe zimekuwa zikitoka mbali. Aprili 2014 Microsoft iliacha kuitunza XP, Januari 2020 ikaiacha Windows 7, na tarehe 14 Oktoba 2025 ikaiacha Windows 10. Mashine haizimiki siku hiyo. Huacha tu kupata viraka vya usalama, na hatari huongezeka polepole, hasa pale mafaili yanapopita kutoka mashine hadi mashine. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, ambacho mashine nyingi za mtumba hazina. Nyongeza ya matunzo iliyotolewa hadi Oktoba 2026 inamtaka mtumiaji wa nyumbani ajisajili kwa akaunti kupitia mtandao.

Kwa mashine ambayo haiwezi kupokea Windows 11, Linux ndiyo njia iliyo wazi zaidi. Huko nako tafsiri za Kiswahili hazijakamilika, na Kifaransa kimekamilika. Simu za Android, kwa upande wao, zinamwezesha mtumiaji kuchagua Kiswahili na kutaja nchi yake, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwemo, bila kupitia Kiingereza. Huenda mwanafunzi wa Dilolo akasoma amri za mashine kwa Kiswahili simuni mwake miaka mingi kabla ya kuzisoma kwenye kompyuta ya shule yake.