Masizi kwenye michungwa? Geuza jani kwanza, huenda ni nzi weupe

Majani ya mchungwa yananata. Machungwa yenyewe yamekuwa meusi kama yamepakwa masizi ya sufuria. Wengi wakiona hivyo hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu.

Subiri kidogo. Masizi hayo ni dalili tu. Mhusika yuko upande wa chini wa jani.

Nzi weupe ni nani?

Jina linadanganya, huyu si nzi. Ni ndugu wa vidukari (wadudu mafuta), wanaofyonza maji ya mmea kwa mdomo kama sindano. Wengi wana urefu wa milimita 1 hadi 3 tu, na mabawa yao yamefunikwa na unga mweupe wa nta. Duniani zimeorodheshwa spishi zaidi ya 1,500.

Masizi yanatoka wapi?

Mdudu hufyonza maji mengi kuliko anayohitaji. Yaliyobaki huyatoa yakiwa matamu na yenye kunata, yakadondokea majani ya chini. Ukungu mweusi huota juu ya utamu huo. Jani likifunikwa halipati mwanga vizuri, mti unadhoofika, na tunda chafu linakosa bei sokoni.

Vidukari na wadudu magamba nao huleta masizi kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana lazima uangalie kwanza.

Watatu wa kuwajua

*Nzi weupe wa sufi (Aleurothrixus floccosus).* Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Watoto wake hujifunika nyuzi nyeupe kama pamba. Hupenda michungwa, milimao na hata mipera.

*Nzi weusi wa michungwa (Aleurocanthus woglumi).* Ndiyo, ni jamii ya nzi weupe lakini ni mweusi! Ametoka Asia. Mayai yake huyapanga kwa mzunguko kama konokono. Hushambulia miembe pia.

*Nzi weupe wa mihogo (Bemisia tabaci).* Huyu ana hatari ya ziada: anasambaza virusi. Ndiye anayebeba batobato na michirizi ya kahawia kwenye mihogo. Hushambulia pia nyanya, pamba na maharage.

Kwa nini dawa inaweza kuharibu zaidi?

Nzi weupe wana adui wa asili: vinyigu vidogo sana visivyouma watu. Hutaga mayai kwa watoto wa nzi weupe, na kinachoanguliwa humla mwenyeji wake kutoka ndani.

Nguvu yao si ndogo. Mwaka 1930 Cuba ilileta vinyigu kutoka Malaya kupambana na nzi weusi wa michungwa, na wadudu hao wakapungua sana. Ukipuliza dawa kali inayoua kila kitu, unaua na hawa wasaidizi. Wiki chache baadaye nzi weupe wanarudi, safari hii bila mpinzani.

Ufanye nini?

1. Geuza majani, hasa machanga. Piga picha kwa simu kisha ikuze.
2. Ukiona maganda ya watoto yenye tundu la duara, vinyigu viko kazini. Usipulize.
3. Zuia sisimizi wanaopanda mti. Wanafuata ule utamu, na huwafukuza adui wa nzi weupe.
4. Mti mmoja au miwili? Kata matawi yaliyozidiwa, osha chini ya majani kwa maji yenye sabuni kidogo.
5. Usihamishe miche yenye wadudu. Ndivyo wanavyosafiri kutoka shamba hadi shamba.
6. Shamba zima limevamiwa? Muone afisa ugani akusaidie kuchagua kiuatilifu kilichosajiliwa na muda sahihi wa kupuliza.

Wadudu wakiisha, utamu unakoma na masizi hukauka na kubanduka yenyewe taratibu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya dawa, geuza jani.