Mujibu wa sheria: mjadala wa jeshi la lazima kutoka Guangzhou hadi Ruvu

Zhanxi, jina ambalo kwa Kichina maana yake ni magharibi ya stesheni, ni eneo la maduka ya jumla lililo jirani na Stesheni ya Reli ya Guangzhou, kusini mwa China, na wafanyabiashara wa Kariakoo, Nairobi na Kampala wanalifahamu kwa nguo, viatu na saa. Mji unaolizunguka, hata hivyo, una historia ndefu ya swali ambalo Watanzania nao wamekuwa wakilijadili tangu mwaka 1966, yaani kama dola ina haki ya kumchukua kijana kwa nguvu ya sheria, kumvisha sare na kumweka kambini, na kama haki hiyo ipo, ni kijana yupi anayepaswa kutangulia.

Mwaka 1924 kiongozi wa mapinduzi ya China, Sun Yat-sen, alifungua Chuo cha Kijeshi cha Huangpu katika kisiwa cha Changzhou, viungani mwa Guangzhou, mkuu wa chuo akiwa Chiang Kai-shek, na kwa muda idara yake ya siasa ikaongozwa na Zhou Enlai, ambaye miaka 41 baadaye angefika Dar es Salaam akiwa Waziri Mkuu wa China. Vijana wa Huangpu walijiunga kwa hiari. Ulazima ulikuja baadaye, kwa sheria ya mwaka 1933 iliyoanza kutekelezwa mwaka 1936, na vita dhidi ya Japani vilipolipuka mwaka uliofuata, kila wilaya ikapangiwa idadi ya watu wa kutoa. Utekelezaji wake uliacha jeraha, kwa sababu mwenye fedha aliweza kumlipa mtu mwingine aende badala yake, ilhali wana wa wakulima maskini walikamatwa na kupelekwa vikosini wakiwa wamefungwa kamba.

Serikali ya Kikomunisti iliyofuata ilipotunga sheria yake ya utumishi wa jeshi mwaka 1955, muda wa askari wa wajibu, anayeitwa kwa Kichina yiwubing, uliwekwa kuwa miaka 3 katika jeshi la nchi kavu, 4 katika jeshi la anga na 5 katika jeshi la majini. Muda huo ulibadilishwa mara kadhaa, hadi marekebisho ya mwaka 1998 yalipoufanya kuwa miaka 2 kwa wote. Mvulana anayetimiza umri wa miaka 18 anatakiwa kujiandikisha, lakini kujiandikisha si kuchukuliwa, kwa kuwa vijana wa China wamekuwa wengi mno kuliko nafasi za jeshi, na kwa miongo kadhaa kijana wa kijijini aliitafuta nafasi hiyo kama njia ya kupata chakula cha uhakika, uanachama wa Chama cha Kikomunisti na pengine kazi mjini. Sheria ya mwaka 1984 iliruhusu wanafunzi waahirishiwe wito, hivyo mzigo ukabaki mabegani mwa wana wa wakulima; ni karne hii tu ambapo jeshi linalohitaji mafundi wa mitambo limeanza kuwafuata wasomi, kwa mfano kwa kuwafidia ada wahitimu wanaojiunga. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2021 inatamka kwamba askari wa kujitolea ndio nguzo ya jeshi, ingawa wajibu haukufutwa.

Tanzania ilianza upande wa pili. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 kwa vijana wa kujitolea, shabaha yake ikiwa kuwakutanisha vijana wa makabila na dini mbalimbali katika kilimo, ujenzi na mafunzo ya ukakamavu. Miezi sita baadaye, tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi kilichorithiwa kutoka kwa wakoloni waliasi katika kambi ya Colito, sasa Lugalo, wakidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Jeshi hilo lilivunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania lililozaliwa Septemba 1964 likajengwa juu ya wazo kwamba askari ni raia mwenye siasa ya nchi yake, wazo ambalo walimu wa kijeshi kutoka China, walioanza kufika mwaka huohuo, walikuwa wakilifahamu vizuri.

Ulazima ulipoletwa mwaka 1966, haukumlenga mkulima bali msomi. Wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo walitakiwa kutumikia miaka 2, miezi ya mwanzo wakiwa kambini na muda uliobaki wakiwa kazini, huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu, na miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililosema kwamba afadhali enzi za mkoloni. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza karibu wanafunzi 400 na kuwarudisha makwao.

Kwa bango lile wanafunzi walikosea vibaya, kwa kuwa liliwatukana wazazi wao wenyewe, waliolipa kodi ili wao wasome katika nchi ambayo wenye shahada walikuwa wachache mno. Hoja yao ya pili, hata hivyo, haikuwa ya kupuuzwa: waliuliza kwa nini kijana akatwe mshahara kabla hajaupokea, ilhali viongozi wanaomwamuru wanaendelea kupokea mishahara minono. Nyerere aliijibu hoja hiyo kwa vitendo, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, ya viongozi wengine ikafuata, na miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi. Maandamano hayo yalishindwa waziwazi, lakini papo hapo yaligusa mfuko wa Rais. Wengi wa waliofukuzwa waliruhusiwa kurejea masomoni mwaka uliofuata, na ulazima ukabaki.

Ulidumu hadi mwaka 1994, uliposimamishwa kwa ukosefu wa fedha, ukarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, wasichana kwa wavulana, kwa muda wa miezi 3, na baadhi ya wabunge vijana walikwenda kambini mwanzoni ili kutoa mfano. Tangu hapo lugha ya kambini inawagawa kuruta, yaani askari wanafunzi, katika makundi mawili: wa kujitolea, na wa mujibu wa sheria, ambao ndio hao wanaotoka kidato cha sita. Wote huamshwa alfajiri kwa mchakamchaka, hufundishwa kwata na kumwita kila mkubwa wao afande.

Wito wa kila mwaka hutaja kambi, kama vile Ruvu, Oljoro, Mafinga au Bulombora, kisha hufuata orodha ya vifaa ambavyo kijana hutakiwa kwenda navyo: bukta ya bluu iliyokoza inayofika magotini na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za kijani au za bluu, shuka mbili, soksi ndefu nyeusi, trakisuti, pamoja na nauli. Ni bidhaa za aina ileile inayojaza maduka ya jumla ya Zhanxi, na kila wito unapotangazwa mzazi wa Tanzania huingia dukani kuzinunua. Askari wa wajibu wa China huvishwa na dola, na sheria ya nchi yake inazitaka mamlaka za mahali anakotoka ziipatie familia yake posho. Mzazi wa Kitanzania mwenye kipato kidogo, ambaye ametoka tu kumaliza kulipia gharama za shule, hana budi kukopa ili mwanawe aitikie amri ya nchi.

Nyerere alikubali mwaka 1966 kwamba anayetoa amri ya kujitoa naye achangie. Serikali inayomwita kijana kwa mujibu wa sheria ndiyo inayopaswa kumnunulia raba na kumlipia nauli.