Ugali Hauna Risiti

Siku Mama Mdogo alipoenda kumwona wakili, mimi ndiye niliyemsindikiza. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, chini kuna duka la sare za shule. Wakili mwenyewe alikuwa msichana wa rika langu, mpole. Alisikiliza yote bila kumkatiza: miaka 19 ya ndoa, ploti moja yenye vyumba vinane vya kupangisha, hati ya umiliki yenye jina moja tu. Kisha akauliza, "Mama, uko na risiti?"

Mama Mdogo akanigeukia, kana kwamba mimi ndiye nitakayejibu.

Ploti ile naijua. Nilikuwa darasa la tano ikijengwa, na likizo moja nzima niliimalizia pale. Mama Mdogo aliamka saa kumi na moja asubuhi kupikia mafundi uji. Mchana ugali na maharagwe. Katikati alikuwa anachota maji ya kukoroga simiti, mitungi ya lita 20, kwa sababu bomba la mtaa lilikuwa na tabia ya kukauka likishaona jua. Jioni alikaanga mandazi ya kuuza kwa steji, na mara kadhaa nilitumwa na pesa hiyo kununua misumari. Baba Mdogo naye alileta mshahara. Hilo sitalikana, bila mshahara wake mawe hayangefika. Lakini mawe yalikuja na risiti, na risiti zilikuwa na jina lake.

"Risiti ya nini?" Mama Mdogo akauliza. "Ya ugali?"

Wakili hakucheka. Alisema, "Ndiyo, mama. Hata ya ugali, kama ingekuwepo."

Nilitoka pale na hasira ya kawaida, ile ya kuandika maneno makali kwa simu halafu kuyafuta. Lakini swali la wakili lilikataa kunitoka kichwani. Ni nani aliyeamua kwamba mwanamke lazima awe na risiti? Nikaanza kusoma. Nilidhani nitakutana na mila za wazee wetu. Nilikutana na Malkia Victoria.

Hebu tuanzie hapo. Mwaka 1882, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mali ya wanawake walioolewa. Kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa. Kabla yake, mwanamke wa Kiingereza akiolewa, sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa chini ya mume. Sheria hiyo ilimruhusu kumiliki chake mwenyewe. Sasa angalia tarehe: 1882 hakukuwa na nchi iitwayo Kenya, hata himaya ya Afrika Mashariki ilitangazwa 1895. Lakini wakoloni walipokuja, walibeba sheria zao, na ikakubalika kwamba sheria za Uingereza za matumizi ya jumla zilizokuwepo kufikia tarehe 12 Agosti 1897 zingetumika huku.

Uhuru ukaja, bendera ikabadilika. Mwaka 1971, jaji mmoja jijini Nairobi aliulizwa kama sheria ile ya 1882 inatumika kwa wanandoa wa Kenya. Akasema inatumika. Na ikatumika, bwana, hadi mwaka 2013. Mimi nilikuwa tayari nimezaliwa, nimeanza shule, na wazazi wetu wakikosana wanagawanya sufuria kwa sheria ya enzi za Victoria.

Kinachouma zaidi ni kwamba Waingereza wenyewe hawakukaa pale walipotuacha. Mwaka 1970 walitunga sheria mpya iliyowaambia majaji wao kwamba wanapogawa mali baada ya talaka, wahesabu pia kazi ya kutunza nyumba na familia. Sisi sheria hiyo haikutufikia. Tarehe yetu iliganda 1897.

Wakati huohuo ardhi nayo ilikuwa imeshapata wenyewe. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimechacha, serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Swynnerton: ardhi ya jamii ipimwe, igawanywe, kila kipande kipate hati na jina la mtu. Jina hilo kwa kawaida lilikuwa la mwanamume, kwa sababu yeye ndiye aliyehesabiwa kuwa kichwa cha boma. Si ati kabla ya hapo wanawake walikuwa malkia. Lakini mke alikuwa na haki ya kulima, na haki hiyo ilijulikana na kulindwa na ukoo. Hati ilipofika, haki yake ya kulima haikupata mstari kwenye karatasi. Yeye akabaki na jembe.

Kwa hivyo mtu akiniambia mtandaoni kwamba kudai haki za wanawake ni kuleta mambo ya wazungu, mimi huuliza tu: na hati ya shamba lenu, ililetwa na nani?

Sasa tuje kwa kesi. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Kivuitu. Nyumba ilikuwa imeandikwa majina ya mume na mke, na mahakama ikakubali kwamba mchango wa mke usio wa moja kwa moja, ule wa kuendesha nyumba na kutunza familia, unahesabika. Kwa miaka kadhaa wanawake walipata pa kushika.

Halafu ikaja kesi ya Echaria, Februari 2007. Mume alikuwa mwanadiplomasia, na mali iliyogombaniwa ilikuwa shamba la Tigoni. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke nusu. Mahakama ya Rufaa ikampa robo, ikisema kwamba ndoa peke yake haimpi mtu sehemu ya mali, na kwamba bila sheria nyingine kutoka bungeni, kinachohesabika ni mchango unaoonekana katika kununua mali hiyo. Kwa lugha ya Mama Mdogo: lete risiti.

Cha kushangaza, mwezi mmoja baada ya hukumu hiyo, Machi 2007, M-Pesa ilizinduliwa. Kuanzia hapo kila shilingi ya Mkenya ikaanza kuacha alama. Nani alituma, saa ngapi, kwa nani. Leo ukiniuliza nilinunua mkate wapi miezi sita iliyopita nitakuonyesha ujumbe. Lakini hakuna ujumbe unaoingia kwa simu kusema: umeamka saa tisa usiku, mtoto ana homa, salio lako la usingizi ni sufuri. Teknolojia ilijifunza kuhesabu pesa vizuri sana. Kazi ikaiacha palepale.

Na kabla hata ya kufika kwa swali la mali, mwanamke wa Kenya anayeachana na mume hulipa bei nyingine kwanza. Mwulize Wangari Maathai. Alikuwa na shahada ya uzamifu tangu 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kuipata. Alipotalikiwa 1979, alisema hadharani alivyomwona jaji, akatupwa jela ya Lang'ata. Mumewe alipomtaka aache kutumia jina lake, Mathai, yeye akaongeza herufi moja tu, akawa Maathai. Miaka kumi baadaye, 1989, alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bungeni walilijibu shirika lake kwa kuliita kundi la wanawake walioachika. Jamani, mtu anazungumza kuhusu miti, unamjibu kwa talaka yake! Aibu hiyo ndiyo kufuli ya kwanza. Wanawake wengi hawafiki kwa wakili kwa sababu wameshajua wataitwaje njiani.

Lile jengo halikujengwa. Na katika bustani hiyohiyo, tarehe 27 Agosti 2010, katiba mpya ilitiwa saini. Kifungu cha 45 kinasema wanandoa wana haki sawa ndoa inapoanza, inapoendelea na inapovunjika. Mama Mdogo alikuwa amenunua nakala ya katiba hiyo barabarani. Iko bado kwenye kabati yake, chini ya vyeti vya shule vya watoto.

Mwaka 2013 hatimaye tukapata sheria yetu wenyewe ya mali ya ndoa. Na enyewe ina mazuri yake. Inasema wazi kwamba mchango si pesa tu: ni kazi za nyumbani, ni kulea watoto, ni kuwa mwandani wa mwenzako, ni kusimamia biashara ya familia, ni kulima. Ukisoma ukurasa huo unataka kupiga vigelegele. Kisha unafika kifungu cha 7, kinachosema mali ni ya wanandoa kulingana na mchango wa kila mmoja. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, lilienda Mahakama Kuu kusema kifungu hicho kinapingana na katiba. Mwaka 2018 likashindwa.

Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, kila mmoja athibitishe mchango wake. Unakumbuka siku hiyo? Mitandaoni wanaume walisherehekea kama wameshinda ligi. Wengi hawakusoma hadi mwisho. Mke katika kesi hiyo alikuwa amepewa na Mahakama Kuu asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba apate nusu ya vyote. Alithibitisha, akapata.

Niwe mkweli. Sehemu ya hukumu hiyo nakubaliana nayo. Mtu akiolewa Januari, akaondoka Machi, sioni kwa nini abebe nusu ya nyumba aliyoikuta. Rafiki yangu mmoja, mwanamume mwenye adabu zake, aliniuliza, "Kwani mama yangu akijenga, halafu baba akae tu, naye apewe nusu?" Swali halali. Sheria inamlinda mamake pia, na inafaa imlinde.

Lakini kudai uthibitisho kuna mzigo wake, na mzigo huo hauangukii mabega sawa. Mwenye mshahara ana karatasi. Mwenye kupika ana sufuria safi, na sufuria safi haithibitishi kwamba jana kulipikwa. Utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia muda karibu mara tano ya wanaume katika kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Na Kenya Land Alliance ilipochunguza hati za ardhi zilizotolewa kati ya 2013 na 2017, iligundua kwamba wanawake walipata takriban asilimia 10 tu. Weka takwimu hizo mbili kando kwa kando. Upande mmoja kazi, upande mwingine karatasi. Mama Mdogo yuko pale katikati.

Basi ukiniuliza ufeministi wa leo unatafuta nini ilhali tayari tunapiga kura, tunasoma, tunakuwa majaji, jibu langu si refu. Unatafuta kwamba kazi iliyofanywa ihesabiwe kuwa kazi. Ndoa ikishadumu miaka mingi na mali ikapatikana ndani yake, mahakama ianze kwa kuamini kwamba wote wawili walichangia sawa, na anayesema mwenzake alikaa tu, yeye ndiye alete ushahidi. Unatafuta majina mawili kwenye hati siku ile ya kununua, watu wakiwa bado wanapendana na wanapiga picha na ajenti. Na kabla ya yote hayo, unatafuta mwanamume aamke saa kumi na moja apike uji mara moja moja, bila kusifiwa. Hapo hata mahakama tutaisahau.

Mimi mwenyewe nina mchumba. Mwezi uliopita tulienda kuangalia kipande cha ardhi kule Kamulu. Nilimwambia majina yawe mawili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimeanza kupanga kuondoka. Nilimwambia hapana, napanga kukaa. Bado tunalizungumza. Si rahisi, na sitajifanya hapa kwamba ni rahisi.

Na Mama Mdogo? Wakili alimpa kazi ya nyumbani: aandike kila kitu anachokumbuka. Alijaza daftari la kurasa 96. Tarehe hana, lakini ana alama zake: mwaka wa mvua kubwa, muhula ambao Kevo alivunjika mkono, wiki ambayo paa la chumba cha tatu liliezekwa. Halafu akakumbuka mafundi. Wawili kati ya wale sita bado wako hai na bado wanajenga, na mmoja, mzee sasa, alikubali kuja kusema mbele ya hakimu ni nani aliyekuwa akimpikia.

Kesi ilitajwa mara ya mwisho juzi Jumanne, ikaahirishwa. Mzee alikuwa amefika mapema, ameketi kwenye benchi la nje na kofia magotini. Mama Mdogo alikuja amebeba kopo la plastiki limefungwa kwa leso. Kwenye usafiri nilimuuliza ni nini. Ni chapati za fundi, akasema, ametoka mbali na hajakunywa chai.