Ng'ombe, Vifaranga na Mpaka wa Namanga

Mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilichomwa moto vikiwa hai Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Mfanyabiashara wa Kitanzania alikuwa amevinunua Kenya na kuviingiza bila kibali, na serikali ya Tanzania ikasema inazuia mafua ya ndege. Mwezi huohuo, ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya, waliokamatwa wakilishwa mkoani Kilimanjaro, walipigwa mnada. Nairobi ikalalamika rasmi. Rais John Magufuli hakulegeza kamba: Tanzania, alisema, si malisho ya mifugo ya jirani.

Kila nchi ina haki ya kujikinga na maradhi. Kuteketeza viumbe hai ni jambo jingine, na sioni namna ya kulitetea.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Waingereza na Wajerumani walipogawana eneo hili mwaka 1886, mstari wao ulipasua malisho ya Wamaasai. Mfugaji hufuata mvua. Ukame ukikaza Kajiado, upande wa Kenya, mifugo huteremka kusini. Bei ikipanda Kenya, ng'ombe wa Longido, upande wa Tanzania, huswagwa kwenda minada ya huko.

Maradhi nayo hayakuuheshimu mpaka. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe pande zote mbili, ikaacha njaa. Chanjo iliyokuja kuimaliza ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Walter Plowright na wenzake, katika shirika la utafiti wa mifugo lililozihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka hadi Novemba 1983, na Muguga ikabaki mikononi mwa Kenya. Kwangu mimi, hiyo ni miongoni mwa hasara kubwa za mwaka ule. Jumuiya mpya ilileta umoja wa forodha mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010, lakini ugonjwa ukizuka, kila serikali bado hukimbilia kufuli lake.

Kenya yenyewe, kabla ya kulalamikia Namanga, ilikuwa imepiga marufuku kuku wa Uganda Januari 2017, baada ya mafua ya ndege kugunduliwa kando ya Ziwa Victoria. Marufuku ile iliwakumba hata wafugaji ambao kuku wao hawakuwa na ugonjwa wowote.